Kwa nini waimbaji wa opera ya Kichina wanaimba kwa sauti nyembamba vile? Niko Foshan, naombeni majibu

#1 MzigoWaKariakoo
Wakuu, habari za jioni. Niko Foshan, nimefuata marumaru na masinki. Jumapili kiwanda kilifungwa, mkalimani wangu akasema twende hekaluni, Zumiao, katikati ya mji. Uani kwake kuna jukwaa la mbao linaitwa Wanfutai. Limesimama pale tangu 1658, na ukuta wake wa nyuma una nakshi za mbao zilizopakwa dhahabu. Tukakuta kikundi kinaimba opera, video nimeiweka hapa.

Dakika tano za kwanza nilikuwa natafuta njia ya kutokea. Upatu unagongwa, matoazi yanadakia, hakuna anayepumzika. Halafu akatoka mtu ndani ya hariri, mikono ya nguo myeupe imepita vidole na kuning'inia, akafungua mdomo. Sauti ikatoka kama uzi wa sindano. Nyembamba, imenyooka, haikatiki. Nikakaa. Nilipokuja kushtuka saa nzima imepita, na bibi mmoja pembeni yangu anafuta machozi. Sikuelewa neno hata moja lakini kifua kilikuwa kizito.

Swali langu: kwa nini wanaimba juu vile, wanawake kwa wanaume? Mpaka mzee mwenye ndevu naye nilimsikia hivyo hivyo. Nilimuuliza mkalimani akasema "ndiyo mila yetu". Mila ina sababu yake. Mwenye kujua aseme.

#2 Kasuku254
Hii ni rahisi. Enzi za wafalme wa Qing wanawake walipigwa marufuku kupanda jukwaani Beijing, kwa hiyo wanaume ndio waliocheza wanawake. Mwanaume akitaka asikike kama mwanamke lazima abane sauti. Watu wakazoea, ikabaki hivyo. Mei Lanfang, nyota mkubwa kuliko wote, alikuwa mwanaume na sifa zake zote alizipata kwa kucheza wanawake. Swali limeisha, leta picha.

#3 Bint_Pwani
Halijaisha, kaka. Mwenye uzi kasema hata wanaume wanaocheza wanaume sauti zao ni nyembamba. Hao nao walikuwa wakimuiga nani?

#4 KijanaWaHaidian
Nasoma Beijing mwaka wa tatu, na baba mwenye nyumba wangu ni mshabiki wa kufa wa opera ya Kibeijing, kwa hiyo nimelishwa mambo haya kwa lazima. Si wote wanaoimba nyembamba. Wahusika wamegawanywa mafungu manne: sheng ni wanaume, dan ni wanawake, jing ni wale wenye nyuso zilizopakwa rangi nzito, chou ni wachekeshaji, wenye doa jeupe puani. Jing ananguruma. Mwanaume mwenye ndevu, laosheng, anaimba kwa sauti yake ya kawaida. Wanaopanda juu ni dan wengi pamoja na xiaosheng, yaani kijana asiye na ndevu: mwanafunzi, mpenzi, bwana harusi. Mzigo, hebu rudia video yako. Nina shaka kama mwenye ndevu aliimba nyembamba.

#5 MzigoWaKariakoo
Nimerudia. Kijana uko sahihi, mzee mwenye ndevu anaimba nzito kabisa. Nilichanganya kwa sababu walikuwa wanapokezana haraka. Samahani kwa hilo. Lakini huyu asiye na ndevu anayembembeleza binti bado yuko juu, ingawa si juu kama binti mwenyewe.

#6 MamaYiwu
Mimi nanunua mzigo Yiwu mwaka wa tisa huu. Vijiji vya huku Jinhua vina opera yao, wuju. Ikifika sikukuu ya kijiji wanacheza nje au kwenye ukumbi wa ukoo, siku mbili tatu mfululizo. Watoto wanakimbia, watu wanakula, wazee wanaongea, fataki zinapasuka. Hakuna anayenyamaza ili msanii asikike. Sauti nzito ingemezwa palepale, ile nyembamba inapenya. Mimi niko nyuma kabisa kwa muuza maboga nasikia kila kitu. Hakukuwa na vipaza sauti zamani, basi wakatafuta sauti inayokwenda mbali. Kwangu mimi sababu ni hiyo.

#7 SautiYaTatu
Nafundisha kwaya miaka kumi na minane, namuunga mkono MamaYiwu. Weka watu arobaini waimbe, kisha weka mtoto mmoja wa sauti ya kwanza aende juu yao peke yake. Utamsikia yeye. Umati na ngoma vina mngurumo mwingi wa chini, kwa hiyo nafasi iliyobaki wazi ni ya juu. Na wale hawaimbi kwa kifua. Wanapandisha kichwani na kuielekeza mbele ya uso, karibu na pua. Ndiyo maana haitawanyiki.

#8 KijanaWaHaidian
Mwalimu, ingekuwa uwanjani tu ningekubali. Lakini kuna kunqu, aina nyingine ya opera, iliyoanzia Kunshan na kukomazwa na mwanamuziki Wei Liangfu karne ya 16. Hiyo matajiri waliiita majumbani mwao, kwenye kumbi na bustani, wageni wachache, kinachoongoza ni filimbi ya mwanzi. Mtu yuko hatua tano kutoka kwako. Na bado kijana wa kunqu anapanda sauti ya kichwani. Alikuwa anampenyezea nani?

#9 JembeNaKalamu
Mnahangaika bure. Opera ya Beijing ina miaka 5000, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, ni vitu vya matambiko. Nyuso zile za rangi ni mapepo, na sauti ni ya kuita mizimu. Uso mwekundu ni shetani, kila mtu anajua.

#10 JukwaaLaMwembeni
Jembe, taratibu. Nilifundisha sanaa za maonyesho kabla ya kustaafu, na hapo umebomoa vitu vitatu kwa pigo moja.

Opera ya Kibeijing ni changa. Mwaka 1790 vikundi kutoka Anhui vilianza kuingia Beijing, wakati wa sherehe za miaka 80 ya mfalme Qianlong. Baadaye vikachanganya nyimbo zao na za watu wa Hubei, ndipo ikazaliwa karne ya 19. Maigizo ya kuimba yenyewe ni ya zamani zaidi, kusini, upande wa Wenzhou, karne ya 12, kisha ikaja enzi ya Yuan na watunzi wa michezo akina Guan Hanqing. Lakini 5000 hapana.

UNESCO mwaka 2001 walitangaza kunqu. Opera ya Kikantoni, ambayo bila shaka ndiyo aliyoiona Mzigo, iliingia 2009, ya Kibeijing 2010.

Na uso mwekundu ni wa mtu mwaminifu. Guan Yu, jemadari asiyemsaliti ndugu yake, ni mwekundu. Cao Cao, mwenye hila, ni mweupe. Jaji Bao, asiyekula rushwa, ni mweusi. Miungu na mizuka wapo kwenye michezo, hilo kweli, na michezo mingi huchezwa kusherehekea mungu wa kijiji. Lakini rangi inakwambia tabia ya mtu kabla hajafungua mdomo.

#11 JembeNaKalamu
Nimekuelewa mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya mweusi kuwa mwadilifu imenifurahisha sana. Ila nabaki na mizimu yangu kidogo, maana umekiri wanacheza mbele ya miungu.

#12 JukwaaLaMwembeni
Marahaba. Baki nayo, ina nafasi yake.

Sasa langu mimi. Mnatafuta sababu ya sauti peke yake, wakati pale jukwaani hakuna kitu kilichoachwa kama kilivyo nyumbani. Meza moja, viti viwili: leo ni mahakama, kesho ni mlima, keshokutwa ni kitanda. Mtu ameshika kiboko chenye vishada, huyo yuko juu ya farasi. Kuna mchezo unaitwa Sanchakou, wanaume wawili wanapigana gizani ndani ya nyumba ya wageni. Taa zote zinawaka! Wewe unawaona, wao hawaonani, panga linapita sentimita chache juu ya pua ya mwenzake, na ukumbi mzima unashika pumzi. Kutembea kumebadilishwa, kucheka kumebadilishwa, vidole vimebadilishwa. Kwa nini sauti iachwe kama ya sokoni? Wameipandisha ili ujue kwamba hapa si barabarani. Bertolt Brecht, mwandishi wa michezo wa Kijerumani, alimwona Mei Lanfang Moscow mwaka 1935, na baada ya hapo akaandika sana juu ya mwigizaji anayeonyesha badala ya kujifanya ndiye. Kwangu jibu liko hapo.

#13 SautiYaTatu
Mzee Mwembeni, umeeleza kwa nini ibadilishwe. Hujaeleza kwa nini ipande. Wangeweza kuishusha.

#14 Bint_Pwani
Hapo mwalimu wa kwaya kamkamata mzee barabara 😄

#15 TaaYaReli
Hamjambo vijana. Mimi ni wa Mbeya, nilikuwa kibarua kwenye ujenzi wa TAZARA. Wachina wa kambini kwetu walikuwa wanatundika kitambaa cheupe jioni, wanaonyesha sinema, nasi tunakaa chini na watoto wa kijiji. Nakumbuka moja vizuri kwa sababu mkuu wa hadithi ni mtu wa reli, wa kubadilisha njia za treni, ana taa nyekundu mkononi. Wanaimba badala ya kusema. Sasa nasoma hapa nashangaa, maana yule bwana wa taa aliimba kwa sauti nene ya kiume, hata vijana wao. Sikumsikia mwanaume wa sauti nyembamba hata mmoja. Je, ile haikuwa opera?

#16 KijanaWaHaidian
Shikamoo mzee. Ilikuwa opera, na nimesisimka kusoma. Hiyo ni Taa Nyekundu, filamu yake ilitoka 1970. Ni miongoni mwa ile michezo minane ya mfano ya Mapinduzi ya Kitamaduni, 1966 hadi 1976. Michezo ya zamani ya wafalme, majemadari na mabinti ilifungiwa, wasanii wakubwa wakadhalilishwa. Katika ile mipya kijana shujaa haimbi kichwani, anaimba kwa sauti yake, na nyuma yake wakaongeza vyombo vya Kizungu. Baba mwenye nyumba wangu alikulia humo. Anasema alikuwa mtu mzima alipomsikia xiaosheng kwa mara ya kwanza, akadhani mwimbaji ni mgonjwa. Leo ndiye anayemlilia.

#17 TaaYaReli
Marahaba. Ahsante mwanangu. Miaka hamsini nimebeba wimbo nisioujua jina.

#18 Bint_Pwani
Mzee Taa, nimesoma ujumbe wako mara mbili.

Mie naongeza jengine, nje kidogo ya swali. Mzigo, kwenye video uliyoweka, pale jemadari anapoingia, kuna chombo kinalia kikali kama nzumari. Mimi ni mtu wa Lamu, nzumari naijua tangu utotoni. Nimemuuliza mwanangu anayesoma muziki, akaniambia kile ni suona, na jina hilo lilitoka kwa Waajemi, surna, likaenda mashariki hadi China, na chombo chenyewe ni cha jamii moja na zumari yetu. Yaani ni ndugu kabisa. Nimekaa kitako nikacheka peke yangu. Nusu ya dunia iko kati yetu nao, na mpulizaji mmoja anawatosha wote wawili.

#19 MamaYiwu
Ndiyo maana mimi sikuogopa kelele zile siku ya kwanza, Bint. Masikio yalikuwa yameshazoea kwenye harusi za kwetu.

#20 Kasuku254
Nimerudi na jibu jipya, la kwanza nimelipunguza. Fidla ndogo ya nyuzi mbili ya opera ya Kibeijing, jinghu, ni ya mwanzi na ngozi ya nyoka, fupi, sauti yake iko juu sana na inamfuata mwimbaji neno kwa neno. Mwimbaji atashukaje wakati chombo kiko juu? Chombo ndicho kilichompandisha.

#21 KijanaWaHaidian
Umeweka mkokoteni mbele ya punda. Mpigaji wa jinghu ndiye anayekaza au kulegeza nyuzi kumfuata mwimbaji wa siku hiyo. Nyota wakubwa walikuwa na mpigaji wao wa kudumu, anajua hata kama leo bwana ana mafua. Na jinghu hiyo hiyo ndiyo inayomfuata mzee mwenye ndevu na jing anayenguruma.

#22 JukwaaLaMwembeni
Na kuna la kuangalia hapo. Makoo ya waimbaji yalibadilisha sanaa, si sanaa tu iliyobadilisha makoo. Wanafunzi walichukuliwa wadogo. Shule ya Fuliancheng, Beijing, iliyoanza 1904, mtoto alifungiwa mkataba wa miaka saba, fimbo ipo. Akifika balehe sauti inavunjika, na wengi waliishia hapo. Cheng Yanqiu, mmoja wa dan wakubwa wanne, sauti yake ilivunjika ikarudi imefifia na kuzama ndani. Mwingine angeacha. Yeye akatengeneza mtindo kutoka kwenye ufa huo, sauti inayopotea kama moshi kisha inaibuka, na leo wanawake wenye makoo mazima wanajifunza kuimba kama koo lake lililovunjika. Shanghai kulikuwa na Zhou Xinfang, alikwaruza kama gunia, naye akafanya shule nzima ya mkwaruzo. Nikifikiria hao wawili moyo wangu unatulia.

#23 MzigoWaKariakoo
Mzee hapa umenifanya nisimamishe gari. Hiyo ya Cheng Yanqiu ningeomba uifungulie uzi wake.

#24 NdegeWaXiaobei
Salaam. Naishi Guangzhou. Mnajibu swali la Foshan kwa mambo ya Beijing, na ndiyo maana hamfiki.

Opera ya Kikantoni ina njia yake. Zamani hata hapa waliimba kwa lugha ya kaskazini ya jukwaani, na kijana aliimba nyembamba. Kwenye miaka ya 1920 na 1930 wakabadilisha: wakaanza kuimba Kikantoni cha watu, na wanaume wakashusha sauti hadi ya kawaida. Mambo yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo kijana wa opera ya Kikantoni leo HAIMBI nyembamba. Mzigo, huyo kijana wako asiye na ndevu aliyeimba juu kidogo, nina hakika kubwa ni mwanamke. Huku wanawake kucheza wanaume ni jambo la kawaida na la kuheshimiwa. Ren Jianhui, nyota wa Hong Kong aliyecheza wanaume, alikuwa mwanamke, na mabinti wa miaka ya 1950 walikuwa wanamlilia kama mume wa ndoto.

#25 MzigoWaKariakoo
Subirini. Nimemtumia mkalimani video.

#26 MzigoWaKariakoo
Amecheka dakika nzima. Ni mwanamke. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ameshastaafu. Na mimi nilikuwa namsifia "jamaa" tangu Jumapili. Ndege, nakushukuru sana.

#27 Kasuku254
Kwa hiyo jibu langu la kwanza linarudi kwa mlango wa nyuma! Jinsia!

#28 SautiYaTatu
Linarudi likiwa limegeuzwa kichwa chini, kaka. Ulisema wanaume walipanda kwa kuwaiga wanawake. Hapa mwanamke ameshuka kumpata mwanaume.

Ila Ndege umenipa kitu kikubwa. Kama walibadilisha lugha na sauti pamoja, basi labda lugha ndiyo yenye ufunguo. Kikantoni neno likipanda au kushuka maana inageuka, mtunzi hawezi kuweka noti anayotaka, anafuata neno. Mtu akiimba lugha anayoongea na mama yake, sauti ya mazungumzo inamjia yenyewe. Alipokuwa anaimba lugha ya mbali alihitaji sauti ya mbali.

#29 KijanaWaHaidian
Nzuri, lakini Beijing wana xiaosheng wa sauti ya kichwani hadi leo, na lugha ya jukwaani haiko mbali na yao.

#30 SautiYaTatu
Haiko mbali, lakini si ile wanayonunulia mboga. Hata wewe umesema baba mwenye nyumba wako anafuata maneno kwa kusoma maandishi pembeni ya jukwaa.

#31 KijanaWaHaidian
Sijasema.

#32 SautiYaTatu
Umesema kwenye uzi wa mwaka jana wa vyakula vya Beijing 😄

#33 KijanaWaHaidian
Kumbe kuna watu wanatunza kumbukumbu. Ni kweli anasoma. Kila mtu anasoma.

#34 BinadamuTu
Nafuatilia. Swali dogo: ile ya kubadilisha uso ghafla, rangi moja hadi nyingine, iko Foshan?

#35 NdegeWaXiaobei
Hiyo ni bianlian, ya opera ya Sichuan. Huku utaikuta hotelini kwa watalii. Kwa Sichuan ni silaha ya mwigizaji, inaonyesha mtu anavyogeuka ndani. Ukiiona peke yake bila mchezo umekula chumvi bila ugali.

#36 JembeNaKalamu
Je, vitu hivi vitadumu? Naona mnaongelea wazee tu. Bibi analia, mwalimu mstaafu anaimba.

#37 JukwaaLaMwembeni
Swali hilo linaniuma kuliko la sauti. Serikali yao ilihesabu aina 348 za opera nchini kote, matokeo yakatolewa 2017. Nyingine zimebaki na kikundi kimoja. Lakini msiizike mapema. Kunqu ilikuwa karibu imalizike. Mwaka 1921 wapenzi wake walifungua shule Suzhou kwa ajili ya watoto maskini, ili tu nyimbo zisife na wazee. Watoto hao wakaibeba kwenye vita na njaa. Mwaka 1956 mchezo mmoja, Mafungu Kumi na Tano ya Sarafu, ukachezwa Beijing na kila mtu akautaka, wakasema mchezo mmoja umeokoa sanaa nzima. Halafu mwaka 2004 mwandishi Bai Xianyong akaleta Banda la Maua ya Peoni, kazi ya Tang Xianzu ya 1598, kwa waigizaji vijana, akaipeleka vyuoni, na wanafunzi wakajaa kwa mchezo wa jumla ya saa tisa, uliogawanywa siku tatu. Laiti watoto wale wa Suzhou wangejua.

#38 TaaYaReli
Watoto maskini ndio walioibeba. Hilo liandikeni.

#39 MamaYiwu
Mimi sina takwimu, ila kijiji ninakopanga chumba binti wa muuza vifungo, miaka kumi na moja, anajifunza wuju kila Jumamosi. Manyoya mawili marefu kichwani yanamzidi urefu. Akiinama yanagusa sakafu, akiinuka yanapiga mstari hewani. Anarudia hiyo tu, kuinama na kuinuka, asubuhi nzima.

#40 MzigoWaKariakoo
Wakuu, kontena limefungwa, naondoka Ijumaa. Leo nimerudi hekaluni na maswali yenu yote nimeyaandika kwenye daftari la oda. Yule mwalimu mstaafu alikuwepo, nikamuuliza kupitia mkalimani kwa nini sauti inapanda.

Akasema alipokuwa mdogo mwalimu wake alimpeleka ukingo wa mto alfajiri, akamwambia imba mpaka mtu wa ng'ambo ageuke. Mzee wa pembeni akamkatiza, akasema hapana, ni kwa sababu binti wa hadithi ana miaka kumi na sita na huwezi kuwa na miaka kumi na sita kwa sauti ya mtu aliyekula chakula cha mchana. Mpiga upatu akasema wote wamekosea, wanapanda kwa sababu yeye anapiga kwa nguvu. Wakaanza kubishana, mkalimani akachoka kutafsiri.

Nimerekodi ubishi wote. Nauweka jioni nikipata intaneti nzuri. Bint_Pwani, nimemrekodi na yule wa suona peke yake, dakika nne, kwa ajili yako.

#41 Bint_Pwani
Nangoja. Kuna mpiga nzumari mzee hapa mtaani nataka nimsikilizishe bila kumwambia ni ya wapi.